Machozi hupimwaje? Jinsi matone na lenzi za kubandika zinavyobadilisha utando wa jicho

MACHOZI hukumbukwa na wengi wakati wa msiba, au pale moshi wa kuni unapotanda jikoni na kitunguu kikatwapo. Ilhali hata katika siku ya furaha na hewa safi, jicho hufunikwa na machozi saa zote. Machozi hayo hutandazwa juu ya jicho kila kope zinapofungwa na kufunguka, yakawa utando mwembamba mno ambao unene wake ni takriban maikromita 3, yaani sehemu 3 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele mmoja wa kichwani huweza kuwa mnene kuliko utando huo mara 20.

Licha ya wembamba wake, utando huo una kazi nzito. Ndio unaolainisha uso wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ili nuru ipite bila kupindishwa ovyo. Huipelekea konea hewa ya oksijeni, huosha vumbi na hubeba kemikali za kupambana na vijidudu. Ukipasuka kabla ya kope kufungwa tena, mtu huhisi mwasho, huona ukungu, au hudhani kuna mchanga ndani ya jicho. Wengine hububujikwa na machozi, jambo linalowashangaza wanapoelezwa na daktari kuwa ugonjwa wao ni ukavu wa macho.

Wagonjwa wa aina hiyo kwa kawaida huondoka kliniki wakiwa na kichupa cha matone. Swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja ni hili: itajulikanaje kwamba matone hayo yamesaidia? Na itajulikanaje kuwa lenzi ya kubandika aliyovaa mtu asubuhi haijaharibu kilichokuwa kizuri? Kuupima utando wa machozi ni sawa na kutaka kujua unene wa umande bila kuligusa jani. Ukigusa tu, umande umebadilika.

Tabaka za machozi

Machozi si maji matupu. Juu kabisa kuna tabaka la mafuta lenye unene wa makumi ya nanomita tu, ambalo huzuia maji yaliyo chini yake yasivukizwe upesi. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizojipanga ndani ya kope, ambazo zilielezwa na tabibu Mjerumani Heinrich Meibom mnamo 1666 na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Chini ya mafuta kuna maji yenye chumvi na protini, yatokayo hasa katika tezi iliyo upande wa juu wa jicho kuelekea sikioni. Mwisho kuna ute unaoyafanya maji yashikamane na konea. Maelezo ya tabaka tatu yalienezwa na Eugene Wolff katika miaka ya 1940. Siku hizi wataalamu huamini kuwa maji na ute havina mpaka dhahiri, bali vimechanganyika na ute huzidi kuwa mzito kadiri unavyoikaribia konea.

Mgawanyo huu ni muhimu kwa anayepima, kwa sababu kasoro ya mafuta haifanani na kasoro ya maji. Mtu anaweza kuwa na maji tele na bado jicho likauka, kwa vile hakuna mafuta ya kuyalinda. Akipewa matone ya kuongeza maji tu, nafuu yake haitadumu.

Karatasi na rangi

Kipimo kikongwe ambacho bado kinatumika ni kile cha daktari Mjerumani Otto Schirmer, kilichochapishwa mwaka wa 1903. Kipande cha karatasi ya kuchujia chenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35 hukunjwa ncha, kikatundikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kisha hupimwa ni milimita ngapi zimelowa. Karatasi ikilowa milimita 5 au chini ya hapo, machozi ni haba. Uzuri wa kipimo hiki ni bei yake ndogo na kwamba hakihitaji umeme wala mashine, hivyo chaweza kutumika hata katika zahanati ya mashambani.

Ubaya wake ni kwamba karatasi yenyewe huchokoza jicho, nalo jicho likichokozwa hulia. Mtu yuleyule akipimwa leo na kesho huweza kutoa majibu mawili yasiyopatana. Baadhi ya madaktari hutia dawa ya ganzi kwanza, lakini tone la ganzi nalo ni kimiminika kilichoongezwa jichoni, na kama hakikukaushwa kitalowesha karatasi. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Japani walieneza matumizi ya uzi wa pamba uliotiwa rangi ya fenoli nyekundu. Uzi huo wa manjano hugeuka kuwa mwekundu unapoguswa na machozi, na hukaa jichoni kwa sekunde 15 pekee. Huchokoza kidogo kuliko karatasi.

Vipimo hivyo viwili huhesabu wingi wa machozi. Havisemi lolote kuhusu uimara wa utando. Kwa ajili hiyo hutumiwa fluoreseini, rangi ya manjano iliyotengenezwa kwanza na mwanakemia Adolf von Baeyer mnamo 1871, ambayo hung'aa kijani inapomulikwa na mwanga wa buluu. Rangi kidogo hutiwa jichoni, mgonjwa hupepesa macho mara kadhaa kisha huambiwa akodoe bila kupepesa. Daktari hutazama kwa hadubini huku akihesabu sekunde hadi doa jeusi la kwanza litokee juu ya ule ukijani. Doa hilo ndilo mahali utando umepasuka. Mogens Norn wa Denmark alieleza utaratibu huu mwaka wa 1969, nao Michael Lemp na mwenzake wakauchunguza zaidi mnamo 1973. Kwa kawaida hurudiwa mara tatu na wastani kutafutwa. Ukipungua chini ya sekunde 10, utando huhesabiwa kuwa dhaifu.

Hapa pia mpimaji huharibu anachokipima. Fluoreseini ikimiminwa nyingi huongeza wingi wa machozi, na yenyewe hufanya utando upasuke mapema kuliko kawaida. Ndiyo sababu zikabuniwa mbinu zisizogusa jicho. Mojawapo ina asili ya zamani: Mreno António Plácido da Costa alibuni mnamo 1880 kisahani chenye duara nyeusi na nyeupe ambazo kivuli chake huonekana juu ya konea kama katika kioo. Kinachoakisi duara hizo hasa ni uso wa machozi. Mashine za leo humulika duara kama hizo, hurekodi picha mfululizo, na kompyuta hutambua sekunde ambayo mistari imeanza kupinda. Hakuna rangi, wala tone, wala karatasi.

Mbinu nyingine hutumia rangi ambazo mafuta huzionyesha yenyewe. Aliyewahi kuona petroli iliyomwagika juu ya maji barabarani baada ya mvua anaijua michirizi ile ya zambarau, samawati na dhahabu. Rangi hizo hutokana na nuru iliyoakisiwa juu na chini ya tabaka jembamba, na kila unene una rangi yake. Tabaka la mafuta ya machozi likiwa jembamba huonekana kijivu kama jiwe la marumaru, na likiwa nene hutoa rangi. Kwa kanuni hiyohiyo, Ewen King-Smith na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walikadiria mwaka wa 2000 kwamba utando mzima una unene wa takriban maikromita 3. Makadirio hayo yalisaidia kutuliza ubishi mkubwa, maana katika miaka ya 1990 walikuwapo watafiti waliodai kuwa unene huo unakaribia maikromita 40.

Kipo pia kipimo cha chumvi. Maji yakivukizwa, chumvi hubaki, na machozi yaliyokolea chumvi huichoma konea na kuamsha uvimbe. Kifaa maalumu hunyonya nanolita 50 za machozi, kiasi kisichoonekana kwa urahisi, na kutoa jibu papo hapo. Ripoti ya jopo la kimataifa la wataalamu wa machozi, TFOS DEWS II, iliyotolewa mwaka wa 2017, iliweka mpaka wa miliosmoli 308 kwa lita, au tofauti ya zaidi ya miliosmoli 8 kati ya jicho moja na jingine. Hiyo tofauti ya macho mawili ina maana kubwa, kwani machozi yenye afya hayabadilikibadiliki, ilhali ya mgonjwa huyumba.

Tone likiingia jichoni

Hesabu ya tone ni ya kushangaza kidogo. Mnamo 1966, mtafiti wa Kijapani Saiichi Mishima na wenzake walionyesha kuwa machozi yote yaliyo katika jicho tulivu ni kama maikrolita 7 tu. Tone moja la kichupa cha kawaida ni kati ya maikrolita 30 na 50, na jicho haliwezi kushika zaidi ya maikrolita 30 hivi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa humwagika shavuni au hushuka kupitia tundu la machozi hadi puani, na ndiyo maana mgonjwa huonja uchungu kooni. Anayetia matone mawili au matatu kwa pamoja, akidhani anaongeza nguvu ya dawa, anaosha la kwanza kwa la pili.

Kinachosalia nacho hakikai. Machozi ya kawaida hubadilishwa kwa kiwango cha takriban asilimia 16 kila dakika, kumaanisha kuwa nusu yake huwa imeondoka baada ya dakika 4 hivi, na jicho lililochokozwa na tone huondoa kwa kasi zaidi. Mtafiti anayepima dakika moja baada ya kutia tone hupima tone lenyewe, wala si jicho. Ukingo wa machozi kwenye kope ya chini, ambao kwa kawaida una kimo cha takriban milimita 0.2, utakuwa umefura. Chumvi itaonekana imepungua. Ripoti itapendeza, na mgonjwa atarudia kulalamika kabla ya saa moja kupita.

Kwa hiyo utafiti wa haki huwa na ratiba. Jicho hupimwa kabla ya tone, kisha baada ya dakika 5, 15, 30, 60 na kuendelea, ili ionekane ni lini mambo yanarudi yalipokuwa. Hapo ndipo tofauti za dawa hujitokeza. Maji ya chumvi matupu hupotea baada ya dakika chache. Matone yenye asidi ya hayaluroniki au selulosi huteleza polepole kwa kuwa ni mazito, ingawa uzito ukizidi macho huona ukungu. Yale yaliyochanganywa na mafuta hulenga tabaka la juu, na matokeo yake hutafutwa kwa kuangalia rangi za mafuta na sekunde za kupasuka, si kwa karatasi ya Schirmer.

Jingine ni kulinganisha. Kimiminika chochote kinachotiwa jichoni huleta nafuu kidogo, hata kama hakina dawa ndani yake. Mfano mzuri ni saiklosporini, dawa ya kutuliza uvimbe iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2002 kwa wagonjwa wa macho makavu. Katika majaribio yake, baada ya miezi sita, karatasi ya Schirmer iliongezeka kulowa kwa milimita 10 katika asilimia 15 ya waliotumia dawa, ikilinganishwa na asilimia 5 ya waliopewa kimiminika kitupu. Tofauti ilikuwapo, lakini anayesoma takwimu hizo kwa makini ataona pia kuwa wengi hawakufikia ongezeko hilo. Aidha, dawa ya aina hii haipimwi kwa dakika. Aliyeiacha baada ya juma moja kwa kuona haifanyi kazi hakuipa nafasi.

Kuna upande wa pili wa matone ambao vipimo hivi ndivyo vilivyoufichua. Vichupa vingi hutiwa kemikali ya kuzuia vijidudu, na iliyoenea zaidi ni benzalkoniamu kloraidi. Kemikali hiyo ina tabia ya sabuni, nayo sabuni na mafuta tabia yake inajulikana na kila aoshaye sufuria. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1975 ulionyesha kuwa inafupisha muda wa utando kupasuka, kwa sungura na kwa binadamu. Mtu anayetia dawa yenye kemikali hiyo mara moja moja huenda asidhurike. Lakini mwenye macho makavu anayeitia mara sita au nane kwa siku huweza kuuendeleza ugonjwa anaojaribu kuutibu.

Wanaoathirika zaidi ni wagonjwa wa glakoma, maradhi ya presha ya macho, ambao hutia matone kila siku kwa maisha yao yote. Wengi wao hupatikana na utando unaopasuka upesi. Macho yao huwasha na kuwa mekundu, na baadhi hushawishika kuacha dawa. Hilo ni kosa la hatari, kwa sababu uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, ilhali ukavu hutibika. Daktari akiujua anaweza kumbadilishia aina isiyo na kemikali hiyo, pale inapopatikana. Bei ya matone yasiyo na kihifadhi ndiyo kikwazo, kwani mara nyingi huuzwa katika vijichupa vya kutumia mara moja. Wala kuondoa kihifadhi si jambo la mzaha: mwaka wa 2023, Marekani ilikumbwa na mkurupuko wa bakteria sugu uliohusishwa na matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi, na watu 4 wakafariki huku wengine 14 wakipoteza uwezo wa kuona.

Lenzi katikati ya machozi

Lenzi laini za kubandika zilitokana na kazi ya mwanakemia wa Czechoslovakia, Otto Wichterle, aliyezimimina za kwanza nyumbani kwake mwishoni mwa 1961 kwa mtambo alioujenga kwa vifaa vya mchezo wa watoto. Nyingi za leo zina unene wa takriban milimita 0.07 hadi 0.1 katikati. Huo ni wembamba kwa mkono wa mwanadamu, lakini ukilinganishwa na utando wa machozi, lenzi ni ukuta. Huyagawa machozi mafungu mawili, moja mbele ya lenzi na jingine nyuma yake.

Fungu la mbele hukosa msingi wa ute unaolishikilia juu ya konea, na tabaka lake la mafuta huwa jembamba. Kwa sababu hiyo hupasuka mapema na kuvukizwa haraka. Fungu la nyuma nalo hunaswa. Chini ya lenzi laini, kila upepesaji hubadilisha asilimia 1 au 2 tu ya machozi, wakati chini ya lenzi ngumu hubadilishwa asilimia 10 au zaidi. Uchafu na chembe zilizokufa hukaa hapo muda mrefu.

Kupima machozi ya mvaaji lenzi kuna ugumu wake. Fluoreseini ya kawaida haifai, maana hunyonywa na lenzi laini na kuitia madoa ya manjano. Karatasi ya Schirmer haiwezi kueleza kilichoko mbele ya lenzi na kilichoko nyuma. Zimebaki mbinu za nuru: duara zinazoakisiwa, rangi za mafuta, na mashine za kukata picha za tabaka kwa miali, ambazo huonyesha kimo cha ukingo wa machozi. Mwaka wa 2013, kikao cha kimataifa kuhusu kero za lenzi kilitaja uvukizaji na udhaifu wa utando miongoni mwa mambo yanayoambatana na kero hizo. Ndizo zinazowafanya wavaaji wengi kuziacha lenzi, ambazo jioni hugeuka mwiba.

Lenzi na matone vikikutana, mambo huzidi kutatanika. Lenzi laini hunyonya benzalkoniamu na kuitoa polepole juu ya konea, kama sifongo. Ndiyo sababu vijikaratasi vya dawa nyingi huagiza lenzi ivuliwe kwanza, na isirudishwe hadi dakika 15 zipite. Maji ya mfereji si mbadala wa matone ya kulowesha lenzi. Yanaweza kubeba kijidudu cha akanthamiba, ambacho hula konea.

Suala hili linawahusu hata wasiojali ukavu wa macho. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu nchini Kenya, huondolewa kwa upasuaji na mahali pake hutiwa lenzi bandia. Nguvu ya lenzi hiyo hukokotolewa kwa kupima mviringo wa konea, na kipimo hicho huakisiwa na uso wa machozi. Utando ukiwa umepasuka, au tone zito likiwa limetiwa dakika chache kabla, mashine husoma mviringo usio wa kweli. Mgonjwa huamka akiwa ameondolewa mtoto wa jicho lakini bado anahitaji miwani ambayo hakutarajia. Kwa wavaaji wa lenzi za kubandika, hutakiwa ziachwe siku kadhaa kabla ya upimaji, na zile ngumu majuma kadhaa, kwa kuwa huibonyeza konea yenyewe.

Ikumbukwe pia kuwa namba na maumivu havilingani daima. Wapo wenye utando unaopasuka baada ya sekunde 4 ambao hawalalamiki, na wapo wanaoteseka huku vipimo vikiwa vyema. Kwa hivyo madaktari huanza na hojaji, mojawapo ikiwa na maswali 12 ambayo majibu yake hujumlishwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Baada ya hapo vipimo hufuatana kwa mpango usiogeuzwa: visivyogusa jicho kwanza, kisha chumvi, kisha rangi, na karatasi ya Schirmer mwisho. Akianza na karatasi, vingine vyote vitapima jicho lililokwisha kulizwa.

Anayekwenda kupimwa naye ana sehemu yake. Aende na miwani badala ya lenzi. Asitie tone lolote kwa angalau saa mbili kabla ya kipimo cha chumvi, isipokuwa dawa ya glakoma, ambayo saa zake zisibadilishwe bila daktari kusema. Achukue vichupa vyote anavyotumia, hata kile alichonunua dukani bila cheti, na amweleze daktari ni mara ngapi kwa siku anakitumia na alikifungua lini.